Spidi ya spindo ikae kwenye faili, isikae kwenye vidole vya opereta

Mafundi wenzangu wa mbao wenye mashine za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, leo tuongee kuhusu spidi ya spindo. Naona karakana nyingi huku Keko na kwingine Dar mtu ana mashine nzuri kabisa, X, Y na Z zote zinaendeshwa na kompyuta, halafu ikifika kwenye spindo, ile mota inayozungusha biti, opereta anasogea kwenye VFD, lile boksi la umeme linaloendesha spindo, anazungusha kitufe kwa mkono mpaka sauti imridhishe. Kazi inatoka, sikatai. Lakini nimeendesha mashine kwa njia zote mbili, na tangu nimeseti kompyuta ndio iamue spidi sitamani kabisa kurudi kule, na ningependa kila mwenye karakana afanye hivi kabla hajafikiria kununua biti za bei kubwa.

Nianze na kwa nini, maana bila hili mtu ataona ni mbwembwe tu. Biti inakula mbao kwa hesabu: mizunguko kwa dakika, zidisha idadi ya makali, zidisha unene wa kipande kinachotolewa na kila kali, unapata mwendo wa mashine kwa milimita kwa dakika. Biti ya makali 2 ikizunguka 18000 na kila kali likitoa 0.1 mm, mwendo ni 3600 mm kwa dakika. Sasa kitufe kikiachwa kwenye 24000 huku faili bado linasema 3600, kila kali linatoa 0.075 tu, na opereta akiona moshi kidogo cha kwanza anachofanya ni kupunguza mwendo, yaani anaongeza tatizo, kali linaacha kukata linaanza kusugua, joto linapanda, gundi ya MDF inaganda kwenye makali, mninga unapata ule weusi pembeni ambao hata upige msasa hautoki kirahisi. Akriliki ndio usiseme, inayeyuka na kujiviringisha kwenye biti.

Halafu kuna usalama. Biti kubwa ya kusawazisha ubao, tuseme ya kipenyo cha 60 mm, ikizunguka 24000 makali yake ya nje yanakwenda kama mita 75 kwa sekunde. Kwa 12000 ni kama 38. Biti za namna hiyo zilizotengenezwa vizuri zina maandishi ya mwisho wa mizunguko kwenye shingo yake, na mara nyingi huo mwisho uko chini sana ya 24000. Kazi ya mlango mmoja wa paneli inaweza kutumia biti kubwa ya kusawazisha, ya 6 mm ya kukata, na ya ncha ya duara ya kuchonga maua, na kila moja inataka spidi yake. Ukimwachia mtu akumbuke kuzungusha kitufe kila biti inapobadilishwa, na ni saa kumi jioni, na mteja amekaa kwenye benchi anasubiri, ipo siku atasahau. Faili halisahau.

Sasa mfumo wenyewe unavyokwenda. Nitaongelea mchanganyiko ambao ndio nauona sana kwenye mashine ndogo na za kati: spindo ya 2.2 kW ya 220V, VFD ya kichina aina ya Huanyang, na bodi ya Arduino, yaani kompyuta ndogo, yenye Grbl, programu inayoendesha mashine. Faili la jikodi, yaani orodha ya amri za mashine, linasema S18000, S ikiwa ni spidi ya spindo. Grbl inageuza hiyo namba kuwa mapigo ya PWM (umeme unaowashwa na kuzimwa harakaharaka) ya volti 5. Moduli ndogo inageuza mapigo kuwa volti kati ya 0 na 10. VFD inasoma hizo volti inazigeuza kuwa masafa, na masafa ndio yanaamua mizunguko. Spindo ya pole 2 inazunguka 60 kwa dakika kwa kila hezi moja, kwa hiyo 400 Hz ni 24000, 300 Hz ni 18000, 200 Hz ni 12000. Mnyororo ndio huo, na ushauri wangu wote leo umekaa hapo: kila kiungo kina wazo lake la "mwisho wa spidi", na kazi yako ni kuhakikisha wote wanakubaliana kwamba mwisho ni 24000, ni volti 10, ni 400 Hz. Wakikubaliana, namba iliyoandikwa kwenye faili inakuwa kweli. Wasipokubaliana utakuwa na waya nyingi na kompyuta inayodanganya, na hiyo ni hatari kuliko kitufe cha mkono, sababu ukiona S18000 kwenye skrini unaamini.

Anza na VFD, na anza nayo kabla hujagusa waya wowote wa kompyuta. Hapa naomba usome taratibu maana hapa ndipo spindo zinapoungua. VFD nyingi zinatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kwa mota ya kawaida ya 50 Hz, yaani zinatoa volti zote 220 zikifika 50 Hz. Spindo yako inataka hizo 220 ikiwa 400 Hz. Ukiiwasha kwa mpangilio wa kiwandani inapewa volti kubwa kwa masafa madogo, ampea zinapanda, koili zinapikika ndani na wewe unashangaa tu mbona inazunguka polepole na ina joto. Kwa hiyo kwenye Huanyang, ambayo mipangilio yake ina namba zinazoanza na PD, anza na PD005, masafa ya juu, weka 400, kisha PD004, masafa ya msingi, weka 400 nayo, PD003 pia. Ifanye PD005 iwe ya kwanza maana baadhi ya VFD zinagoma ukianza na namba nyingine. PD141 ni volti za mota, PD142 ni ampea, hizi usikopi kwa mtu, soma kibati cha spindo yako. PD143 ni pole, 2. PD144 ni mizunguko kwa 50 Hz, weka 3000, hii ndio inafanya skrini ikuonyeshe RPM (mizunguko kwa dakika) ya kweli. Na mtu akikuambia VFD ikisumbua uirudishe kiwandani kwa PD013, sawa, lakini ukishairudisha usiiwashe spindo mpaka umerudia hayo yote.

PD011 ni masafa ya chini kabisa yanayoruhusiwa. Wengi wanaweka 120, ambayo ni 7200 RPM, na mimi naunga mkono hasa kama spindo yako inapozwa kwa hewa, sababu feni yake imefungwa kwenye shafti ileile, spindo ikienda polepole na feni nayo inalegea, joto linabaki ndani. Hata za maji, ukishuka chini nguvu nayo inashuka, kwa 12000 unabaki na kama nusu ya zile 2.2 kW. Usitegemee kukata mkongo kwa kina kwenye 8000 RPM.

Ukimaliza hapo, endesha kwanza kwa vitufe vya VFD yenyewe. Ikizunguka vizuri, sauti safi, ampea ziko chini ikiwa haina kazi, ndio uende kwenye kompyuta. PD001 weka 1 ili amri ya kuwaka itoke nje, PD002 weka 1 ili spidi nayo itoke nje, PD070 weka 0 ili isome volti 0 hadi 10, PD072 weka 400 na PD073 weka 0. Hizo mbili za mwisho ndio zinasema volti 10 ni hezi ngapi na volti 0 ni hezi ngapi. Na angalia karibu na tamino za waya, baadhi ya hizi VFD zina kijampa cha kuchagua kati ya kitufe cha mbele na tamino ya VI, kama kimekaa upande wa kitufe utaseti parameta mpaka asubuhi na spidi haitabadilika.

Waya ni chache. FOR ikigusana na DCM spindo inawaka, kwa hiyo hapo unapitisha kontakti ya rilei. VI inapokea volti 0 hadi 10 na ACM ndio nyuzi yake ya kurudi. Basi. Usipeleke volti yoyote kutoka Arduino kwenda FOR, ile ni ya kugusanishwa tu. Na kabla hujafungua mfuniko wa VFD zima sakiti breka, kisha subiri dakika kadhaa mpaka taa ya ndani izime kabisa, kapasita zake zinashikilia umeme wa kuua hata kama umeshachomoa plagi. Na usiweke swichi wala kontakta kati ya VFD na spindo, na usichomoe ile plagi ya spindo ikiwa inazunguka.

Moduli ya PWM kwenda volti 10 zinapatikana Kariakoo na mtandaoni, ni kabodi kadogo kenye skrubu ya kurekebisha, inataka umeme wake wa volti 12 hadi 30. Ninachoomba tafuta yenye optokapla, yaani upande wa kompyuta na upande wa VFD visigusane kwa waya hata mmoja. Za bei rahisi nyingi zinaunganisha nyuzi ya kurudi ya VFD moja kwa moja na Arduino, na kupitia USB inafika kwenye laptop yako. Kelele zote za VFD zinapita hapo. Kama una ile bodi ya pini 25 inayotumika na Mach3, programu nyingine ya kuendesha CNC, cheki karatasi yake, nyingi zinakuja na volti 0 hadi 10 na rilei humohumo ndani.

Upande wa Grbl, toleo la 1.1, mambo matatu, yote ni mipangilio inayoanza na alama ya $. $30 ndio mwisho wa spidi, na inakuja ikiwa 1000! Ukiiacha hivyo, S1000 inatoa volti zote 10, S12000 inatoa volti zote 10, S18000 nayo hivyohivyo, kila kitu kinazunguka 24000, na ile biti yako kubwa ya 60 mm nayo. Weka $30=24000. $31 weka 0. $32 weka 0 pia, hiyo ni ya leza, ikiwa 1 basi kila mashine ikiruka kwa G0 kwenda sehemu nyingine inakata spidi, spindo inazubaa hewani halafu inaingia kwenye mbao kabla haijapanda. Kama mashine yako ina leza na spindo na mnabadilishana, hiyo $32 iandike kwenye karatasi uibandike ukutani. Kwa PWM ya Arduino Uno una ngazi 255 tu, kwa hiyo spidi inapanda kwa hatua za kama 94 RPM, na kwa mbao hiyo ni zaidi ya kutosha.

PWM inatoka pini D11. Kama unatumia ile shildi ya CNC V3, bodi inayopachikwa juu ya Arduino, kuwa makini, maandishi yake yalichapwa enzi za Grbl 0.8, toka 0.9 pini ya limiti ya Z (swichi ya mwisho wa safari) na ya spindo zilibadilishana, kwa hiyo D11 utaikuta pale palipoandikwa limiti ya Z. Kwa kuwasha na kuzima, Grbl inakuruhusu ukiikompaili kuifanya D13 iwe pini ya kuwasha spindo, na hapa kuna jambo ambalo nataka ulishike: Arduino ikiwa inaamka, ile taa yake iliyo kwenye D13 inapepesa. Na Arduino inaamka upya kila programu ya kompyuta inapofungua laini ya USB. Rilei iliyofungwa hapo nayo itagonga-gonga, na rilei ikigonga FOR inagusana na DCM. Sasa fikiria mkono wako uko kwenye koleti unabadilisha biti. Kwa hiyo mimi nimepitisha waya wa FOR kwenye vitu viwili kwa mfululizo: rilei, halafu swichi ya dharura, ile nyekundu ya uyoga. Swichi ikiwa imebonyezwa hata kompyuta iseme nini spindo haisogei. Na karakana kwangu ni sheria, kubadilisha biti ni baada ya kubonyeza uyoga, hakuna mjadala, iwe mwanagenzi au mimi mwenyewe.

Tuje kwenye kelele za umeme. VFD inakatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde na hizo kelele zinaingia popote, dalili yake ni Grbl kukata mawasiliano katikati ya kazi, au limiti kujibonyeza zenyewe, au namba za spidi kuchezacheza kwenye skrini ya VFD. Kebo ya kutoka VFD kwenda spindo iwe yenye shildi (hapa ni ganda la chuma linalozuia kelele), shildi ifungwe kwenye ethi upande wa VFD. Waya za VI na ACM zisokotane na ziwe na shildi yake, zipite mbali na kebo ya spindo, kama lazima zikutane basi zivukane kama alama ya kujumlisha, zisilale pamoja kwenye trei moja. Halafu pima kwa multimita kama pini ya nne ya soketi ya spindo kweli imefika kwenye bodi la chuma la spindo, sababu spindo nyingi pini hiyo haijaunganishwa na kitu ndani, yaani unafunga ethi yako vizuri nje halafu inaishia hewani. Na ethi ya jengo iwe ya kweli. Karakana nyingi za kupanga ule waya wa kijani unaishia kwenye soketi ya ukutani. Mwite fundi umeme apime kabla hujalaumu Arduino.

Sasa sehemu ninayoipenda, kuhakiki. VFD ikiwa imezimwa na waya wa VI haujafungwa bado, tuma M3 S24000 (M3 ni amri ya kuwasha spindo) halafu pima volti zinazotoka kwenye moduli, zungusha kile kiskrubu mpaka isome 10. Tuma S12000, isome 5. Tuma S18000, isome 7.5. Kama mwisho ni sawa lakini katikati haikai sawa, moduli haiendani na masafa ya PWM ya Grbl, ambayo ni kama 1 kHz, tafuta nyingine usibembelezane nayo. Zikikaa sawa funga waya, washa VFD, rudia zilezile huku unaangalia hezi: 400, 200, 300. Ukiwa na kile kipima mizunguko cha mwanga, bandika kijikaratasi kinachong'aa kwenye nati ya koleti upime na RPM yenyewe, itakuwa chini kidogo tu ya hesabu na hiyo ni kawaida ya mota hizi. Jaribu na S3000 pia uone inavyokataa kushuka chini ya 120 Hz, ili siku faili likija na spidi ndogo usishangae.

Ukishaamini namba, utamu ndio unaanza. Spindo inachukua sekunde kadhaa kupanda, na Grbl haiisubiri, ikishatuma M3 inaendelea na safari. Shika simu pima sekunde kutoka kusimama mpaka spidi kamili, ongeza mbili tatu, halafu kwenye posti (sehemu inayotengeneza jikodi) ya programu yako ya kuchora weka G4 P10, amri ya kusubiri, au yoyote uliyopata, mara baada ya M3. Kwenye Grbl hiyo P ni sekunde. Kwenye Mach3 angalia kwanza maana inaweza kuwa milisekunde, kumi ya milisekunde ni sawa na hakuna. Muda wa kushuka, PD015, usiubane sana, bila rezista ya breki VFD inapandisha volti ndani na kujizima kwa kosa.

Halafu Grbl 1.1 inakuruhusu kupandisha na kushusha spidi kwa asilimia 10 au 1 wakati kazi inaendelea, na programu nyingi za kutumia nayo zina hivyo vitufe. Hapa sikio la fundi linarudi kazini, na mimi nalithamini sana sikio la fundi. Weka kipande cha mkongo, anza na spidi ya hesabu, sikiliza, shusha asilimia 10, shika vumbi kwa vidole (mashine ikiwa imesimama), ukipata vipande badala ya unga, ukuta msafi, biti ikiwa vuguvugu tu, hiyo namba ndio yako. Iandike kwenye maktaba ya biti ya programu, VCarve au Fusion au unayotumia, chini ya jina la biti na jina la mbao. Hivyo mwanagenzi mwenye mwezi mmoja kazini anakata kwa sikio la mtu mwenye miaka kumi. Karakana ikishakuwa na maktaba ya namna hiyo, huo ni mtaji.

Kwa wenye Mach3 mantiki ni ileile, isipokuwa pale pa $30 wewe unaenda kwenye Spindle Pulleys unaweka mwisho 24000, na muda wa kusubiri unauweka kwenye Spindle Setup badala ya G4. Wenye zile mashine kubwa za 1325 zenye DSP, rimoti ya mkononi inayoendesha mashine, nyingi hazitoi volti 0 hadi 10, zinatoa ngazi za spidi kupitia waya tatu, ambazo kwa mchanganyiko wake zinakupa ngazi 8, na hezi za kila ngazi unazipanga ndani ya VFD. Si laini kama volti, lakini ngazi 8 zilizopangwa kwa akili zinatosha kazi za milango na vitanda.

Kuna na njia ya RS485, waya mbili tu, kompyuta inaongea na VFD kwa namba na VFD inajibu: niko hezi ngapi, navuta ampea ngapi. Hakuna kiskrubu cha kurekebisha na kelele haziisumbui kirahisi. Programu za LinuxCNC na FluidNC zote zinaweza, ila Huanyang za zamani zinatumia lugha yao, siyo Modbus ya kawaida, kwa hiyo chagua draiva iliyoandikwa kwa ajili yake, usipoteze wiki na ile ya kawaida. Kama unanunua mashine mpya au unabadilisha bodi, nenda huko moja kwa moja. Kama ya volti 10 inafanya kazi na imetulia, iache.

Na cha kufanya leoleo: tengeneza kafaili kadogo ka asubuhi, M3 S8000 na G4 P120, S12000 na G4 P60, S18000 na G4 P60, kisha M5 ya kuzima. Koleti ikiwa haina biti na nati yake imetolewa, au ina biti fupi iliyokazwa. Bearingi zinapata moto taratibu kabla ya kazi, na opereta akiwa anafagia anatupia jicho VFD aone 133, 200, 300. Siku moja ikisoma 291 badala ya 300, usikate kitu, anza kutafuta kwenye moduli na waya wa VI.